Mvua, maji ya kufulia au koki: uanzie wapi kuokoa maji nyumbani?

Bili ya maji ikipanda, au bomba likikauka siku nne mfululizo, mtaani kila mtu ana ushauri. Huyu anakwambia nunua simtanki ukinge mvua. Yule anasema maji ya kufulia usiyamwage, bado yana kazi. Wa tatu anakwambia mwite fundi bomba kwanza, mengine baadaye. Wote wanasema kweli, na ugumu unaanzia hapo hapo, kwa sababu fedha ya kuanzia ni moja na haitoshi kugawanywa mafungu matatu.

Nimeishi na njia zote tatu, kwa nyakati tofauti, kwenye nyumba moja ya bati pembezoni mwa Dar es Salaam. Naziweka hapa pamoja na kuzipima kwa vipimo vilevile, ili aliyekwama katikati aone ipi inaigusa shida yake. Ya jirani yako inaweza kuwa nyingine kabisa, na nyote wawili mkawa mmechagua vizuri.

Ijue kwanza shida ya nyumba yako

Nyumba zinazolia maji hazilii kilio kimoja. Ipo ambayo maji hayaji: mgawo, presha ndogo, au bomba la mtaa halijafika. Ipo ambayo maji yanakuja ila yanapotea, kwenye koki, chooni, kwenye bomba lililofukiwa. Na ipo ambayo maji yanakuja, hayapotei, lakini yanatumika mara moja tu kisha yanaishia shimoni. Dawa ya shida moja haiponyi nyingine. Ukinunua tangi la lita 5,000 huku choo kinavuja, umekiongezea choo maji ya kuvujisha.

Kujua ni rahisi. Kama nyumba yako inapata maji moja kwa moja kutoka bombani, subiri usiku watu wote wakishaoga, funga koki zote, uisome mita pamoja na zile namba nyekundu za mwisho. Alfajiri, kabla mtu hajaenda chooni, isome tena. Ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja. Kama nyumba inalishwa na tangi, funga koki inayoliingizia maji, chovya ufito mkavu hadi chini, tia alama pale uliporowana, urudie asubuhi. Alama mbili zikiachana, maji yameondoka usiku na hakuna aliyeyatumia.

Kisha chukua bili. Uniti moja ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja anahitaji lita 50 hadi 100 kwa siku kwa kunywa, kupika, kuoga na usafi. Familia ya watu watano wakitumia lita 50 kila mmoja, mwezi unakwisha kwa uniti saba na nusu. Bili ikisoma uniti 20, kila mmoja anatumia zaidi ya lita 130, na hapo pana cha kuokoa. Lakini kama watu hao watano wanaishi kwa madumu matano kwa siku, ni lita 20 kwa kila mtu. Nyumba hiyo imeshabana mpaka pa mwisho. Inachohitaji ni maji zaidi, na kumhubiria kubana matumizi mama anayeyabeba kichwani ni kumkosea heshima.

Vipimo nitakavyotumia

Kila njia nitaitazama kwa mambo matano: fedha, ya kuanza na ya kuendelea, maji inayokupa, kiasi gani na msimu gani, kazi ya kila siku na nani ataifanya, afya, halafu inamfaa nani. Hilo la kazi watu hulisahau. Njia nyingi za kuokoa maji zinaonekana za bure kwa sababu anayelipa kwa mgongo wake ni dada wa kazi, au mtoto aliyetumwa na ndoo.

Njia ya kwanza: kuziba na kubana

*Fedha.* Hakuna njia inayoanza kwa fedha ndogo kama hii. Mpira wa koki inayodondosha ni bei ya soda. Floti ya choo, au ile ya tangi la juu, inazidi hapo lakini haikaribii bei ya tangi lenyewe. Choo kipya cha flashi mbili ndicho ghali, na fundi naye anataka chake. Ukishalipa umemaliza, mpaka mpira uchakae tena.

*Maji unayopata.* Kuna mwaka bili yetu ilipanda miezi miwili mfululizo. Nilikagua uani, nikapapasa kuta, nikafukua mpaka kwenye bomba, sikuona unyevu popote. Fundi alipokuja hakushika spana. Aliomba chai ya rangi, iliyokolea. Akaimimina kwenye tangi la choo, akarudisha mfuniko, tukakaa kibarazani robo saa bila mtu kuvuta flashi. Tuliporudi, upande wa nyuma wa bakuli la choo palikuwa na michirizi ya kahawia inashuka taratibu.

"Mama, maji yako hayavuji nje," akaniambia. "Yanavujia ndani, usiku na mchana."

Mpira wa chini ya tangi ulikuwa umekakamaa, haukai tena sawasawa. Ulibadilishwa pale pale, na bili iliyofuata ikarudi ilikokuwa. Choo cha namna hiyo kinaweza kupoteza mamia ya lita kwa siku bila sauti yoyote. Usipokuwa na chai, rangi ya chakula inafanya kazi ileile.

Hata choo kizima, kisichovuja, ndicho mnywaji mkuu wa nyumba yenye flashi. Vile vya zamani humwaga lita tisa au zaidi kila mara. Watu watano wakivuta mara tano kila mmoja, ni lita 225 kwa siku, karibu sawa na lita 250 ambazo familia nzima ingeweza kuishi nazo. Choo cha flashi mbili, lita sita kwa haja kubwa na tatu kwa ndogo, kingeshusha hesabu hiyo hadi lita 90 hivi. Tofauti yake kwa mwezi ni uniti nne. Asiye na uwezo wa kubadili choo aweke ndani ya tangi lake chupa ya lita moja na nusu iliyojazwa maji na kufungwa vizuri, mahali ambapo haigusi floti. Kila flashi itapungua kwa kiasi hicho. Tofali lisitumike, linamomonyoka na chenga zake zinakwenda kukaa chini ya mpira.

Kwenye kuoga, weka ndoo ya lita 20 chini ya shawa uangalie saa. Ikijaa kabla ya dakika mbili, shawa yako inatoa zaidi ya lita 10 kwa dakika, na dakika nane za kuoga zinakula ndoo nne. Anayeoga kwa ndoo na kopo ameshaokoa. Hana haja ya kununua kichwa kipya cha shawa.

Halafu kuna floti ya tangi la juu. Kwenye mitaa ya mgawo maji mara nyingi huja usiku wa manane, na presha inakuwa kubwa kwa sababu watu wamelala. Floti ikikwama, tangi linajaa saa saba na kumwaga hadi alfajiri. Unaamka unakuta uani kumelowa na unadhani mvua ilinyesha.

Mpaka wa njia hii ni mmoja lakini ni mkubwa: haileti maji. Bomba likikauka, koki nzima na koki mbovu ni sawa.

*Kazi.* Ni ya siku moja, kisha ukaguzi kila baada ya miezi michache.

*Afya.* Haina hatari, ilimradi kubana kusifike kwenye kunawa mikono.

*Inamfaa nani.* Mwenye maji ya bomba yanayokuja mara kwa mara na bili inayomuumiza. Mpangaji anaweza kubadilisha mpira na kuweka chupa bila kumuomba mtu ruhusa. Tatizo ni nyumba za kupanga zenye mita moja kwa wapangaji sita, bili ikigawanywa kwa vichwa: ukibana peke yako, ulichookoa kinagawanywa kwa wote, na anayefulia kwa bomba wazi halipi zaidi yako. Hapo kazi ya kwanza ni kuzungumza na wenzako, na kumwambia mwenye nyumba kuhusu koki ya uani, maana hiyo ndiyo isiyo na mwenyewe.

Njia ya pili: kukinga mvua

*Fedha.* Hii ndiyo inayotaka fedha nyingi mwanzoni, na wengi hukosea kwa kuhesabu tangi peke yake. Kuna gata, kuna bomba la kushushia, kuna wavu, kuna jukwaa. Tangi la lita 2,000 likijaa lina tani mbili. Liweke juu ya matofali yaliyopangwa bila msingi na siku moja litaanguka, Mungu aepushe asiwepo mtoto chini yake. Pa kupunguza gharama ni kwenye gata: bomba la plastiki la inchi nne lililopasuliwa katikati linafanya kazi vizuri likipewa mteremko wa sentimeta moja kwa kila meta. Na si lazima uzungushe nyumba nzima. Anza na upande mmoja wa paa.

Tangi la zege la chini ya ardhi linabeba maji mengi zaidi na halili nafasi ya uani, lakini linataka fundi anayejua kupiga plasta isiyopitisha maji, pampu, na umeme wa kuiendesha.

*Maji unayopata.* Milimeta moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja. Paa la bati la meta 10 kwa 8, kwenye mji unaopata milimeta 1,100 hivi kwa mwaka kama Dar es Salaam, ukitoa sehemu ya tano kwa kinachorukia nje na kukauka, linaweza kukupa takribani lita 70,000 kwa mwaka. Hiyo ni uniti 70 zinazopita juu ya kichwa chako na kuishia mtaroni.

Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini imewavunja moyo wengi, sisi tukiwa miongoni mwao. Tangi la lita 2,000 linajazwa na milimeta 31 tu za mvua kwenye paa hilo, yaani mvua moja nzito ya masika. Letu lilijaa wiki ya kwanza. Tukalifunga, tukasema hii akiba ya kiangazi. Masika yote iliyobaki maji yalimwagika kwenye bomba la kufurika, nasi tuliendelea kufulia maji ya mita. Juni ilipofika tukafungua akiba. Kwa lita 250 kwa siku iliisha siku ya nane.

Tangi lililojaa likakaa limejaa halijaokoa chochote. Faida ya tangi dogo ni mara ngapi unalimaliza likajaa tena. Sasa wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, mita yetu inapumzika: kufua, kudeki, kuoga, kuosha vyombo, yote ni mvua, na kila usiku wa mvua tangi linarudi lilipokuwa. Anayetaka maji ya kumvusha Juni hadi Septemba anazungumzia lita 30,000 kwa matumizi hayohayo ya familia ya watano, yaani tangi la zege la chini na si simtanki.

Kwa hiyo mahali unapoishi panabadilisha jibu. Bukoba, ambako mvua ni karibu mara mbili ya Dar es Salaam na husambaa mwaka mzima, tangi dogo linajaa tena na tena. Dodoma mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, kisha miezi mirefu ya ukavu. Paa ni lilelile, bati ni lilelile, lakini huko tangi dogo linakuwa pambo kwa nusu ya mwaka, na lenye maana ni kubwa.

Jambo jingine wanaouza matangi hawalisemi: mvua inaweza kukukosa siku ileile bomba linapokukosa. Oktoba 2022 Mto Ruvu uliposhuka na mgawo ukatangazwa Dar es Salaam, vuli nayo ilikuwa imechelewa. Mto na tangi lako vinanyweshwa na mawingu yaleyale.

*Kazi.* Ndogo kwa siku, lakini ina misimu. Kabla ya masika panda upige deki gata, toa majani, viota na kile wanachoacha kunguru. Osha tangi kwa ndani. Maji ya mvua ya kwanza yasiingie tangini kabisa, yamebeba vumbi la miezi. Nusu lita kwa kila meta ya mraba ya paa ndiyo kiasi cha chini cha kumwaga. Njia isiyohitaji mtu kukimbia nje usiku ni bomba la wima la inchi nne lenye kizibo chini: maji ya mwanzo yanajaa humo kwanza, likijaa ndipo yanayofuata yanaelekea tangini. Kila meta ya bomba hilo inabeba karibu lita nane, hivyo meta tatu zinatosha kwa upande mmoja wa paa nililotaja. Mvua ikikata, unafungua kizibo, yanatoka maji ya rangi ya chai ya maziwa. Ukiyaona mara moja hutaacha tena.

*Afya.* Hapa pana mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza ni kunywa: maji ya mvua si salama kwa sababu tu yametoka juu. Chemsha au tia dawa. Paa la makuti linatoa maji yenye rangi na harufu, na bati lililopakwa rangi ya zamani yenye risasi lisikinge maji ya kunywa hata kidogo. La pili ni mbu. Mbu wa dengue, kidingapopo kama wengine wanavyouita, anapenda maji masafi yaliyotulia kwenye vyombo, na anauma mchana. Dar es Salaam ilipata milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na 2019. Pipa lililo wazi uani ni kitalu chake. Wazee wa Lamu walilijua tatizo hili la maji yaliyotulia: kwenye mabirika, yaani matangi ya maji yaliyojengwa ndani ya nyumba za mawe, walifuga visamaki vidogo vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Wewe weka mfuniko unaokaza na wavu mdogo kwenye kila tundu, pamoja na lile la kufurikia ambalo mafundi hulisahau. Na tangi la chini liwe mbali na shimo la choo, upande wa juu wa mteremko, lenye mfuniko wa kufuli.

*Inamfaa nani.* Mwenye nyumba mwenye paa la bati au vigae. Inamfaa zaidi yule ambaye bomba halijamfikia na ananunua maji ya boza, kwa sababu kila lita anayokinga ni lita ya bei ya juu. Inamfaa pia mwenye kisima cha chumvi: maharage yanaiva, sabuni inatoa povu, nguo nyeupe zinabaki nyeupe. Mpangaji hatajenga gata kwenye nyumba ya mtu, lakini pipa la lita 200 chini ya pembe ya paa, lenye mfuniko, atahama nalo.

Njia ya tatu: kuyatumia maji mara ya pili

*Fedha.* Ndoo mbili na beseni, basi. Ukitaka bomba la bafuni liende moja kwa moja kwenye migomba, utaongeza kipande cha bomba na siku moja ya fundi. Wapo wanaoweka vichujio na pampu. Kwa nyumba ya kawaida sioni haja, kwani vinaziba na matunzo yake yanakula kilichookolewa.

*Maji unayopata.* Siku ya kufua kwa mkono ina mabeseni matatu: la sabuni, la suuza ya kwanza, la suuza ya mwisho. Ukipanga nguo vizuri, suuza ya mwisho ya nguo nyeupe inakuwa maji ya sabuni ya nguo za rangi, ya rangi yanakuwa ya madekio, na yaliyobaki yanakwenda chooni. Maji ya aina moja yamefanya kazi nne. Choo cha kumwagia kinaridhika na lita mbili hadi nne kila mara, hivyo ndoo moja ya maji ya kufulia inatosha watu watano hadi kumi.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba haitegemei msimu. Kiangazi, mvua hakuna, mgawo umebana, lakini watu wanaoga na kufua kila wiki. Ila haizidi pale ulipoanzia: huwezi kutumia mara ya pili maji ambayo hukuyapata mara ya kwanza.

*Kazi.* Hapa ndipo gharama yake ilipo. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20, na kutoka bafuni hadi bustanini inabebwa na mtu. Kabla hujaamua, jiulize huyo mtu ni nani na amekubali. Kwetu tulikubaliana kwamba kila aliyefua anabeba maji yake mwenyewe hadi chooni, wakubwa kwa wadogo. Nyumba ambako mzigo wote aliachiwa dada wa kazi nimeona utaratibu ukifa ndani ya mwezi mmoja, na ilikuwa haki ufe.

*Afya.* Maji haya hayahifadhiwi. Yatumie siku hiyohiyo. Yakilala, kesho yanatoa harufu ya matope, na keshokutwa utaona utando wa kijivu juu. Yaliyofulia nepi au nguo za mgonjwa yamwagwe. Yenye jiki yasiende kwenye mimea. Mboga zinazoliwa mbichi zisimwagiwe.

Sabuni ya unga ina chumvi nyingi, na chumvi hiyo inabaki udongoni. Tulimwagilia mchicha miezi miwili: ncha za majani zikaungua, udongo ukaota utando mweupe mgumu. Migomba na mipapai, kwa maji yaleyale, haikuonyesha dalili yoyote. Sasa maji ya sabuni yanaenda chooni, ya suuza yanaenda kwenye migomba, tunabadilisha shina kila mara, na mvua ya masika inausafisha udongo. Maji ya kuoshea mchele na maharage ndiyo bora kuliko yote, hayo yapeleke popote.

*Inamfaa nani.* Mpangaji kuliko mtu yeyote, kwa sababu haigusi ukuta wala paa la mwenye nyumba. Inawafaa wanaofua kwa mkono, wenye choo cha kumwagia, wenye kijibustani cha matunda. Haimfai sana anayeishi ghorofani bila mimea, wala nyumba ya wazee wawili ambao kubeba ndoo ni hatari ya kuanguka.

Kwa hali yako

Ukiwa na maji ya bomba karibu kila siku na bili ndiyo inayokuumiza, anza na chai ya rangi na kusoma mita usiku. Usinunue tangi kabla hujajua kama unavuja.

Ukiwa na mgawo wa siku mbili tatu kwa wiki, tangi unalo tayari pengine, la kuhifadhia maji ya bomba. Kagua floti yake kwanza, kisha tia gata upande mmoja wa paa na uelekeze mvua kwenye tangi hilohilo, ukiwa na lile bomba la kutoa maji ya mwanzo. Hapo hujanunua tangi la pili.

Unayenunua maji ya boza au ya dumu, mvua ndiyo inayorudisha fedha upesi zaidi, na kutumia mara ya pili ndiko kunakokuvusha kiangazi. Kubana koki hakukuhusu.

Mpangaji wa chumba kimoja au viwili, anza na mabeseni na mpangilio wa kufua. Ongeza chupa kwenye tangi la choo kama ni cha flashi. Pipa lenye mfuniko litafuata ukipata nafasi uani.

Ukiishi mahali penye msimu mmoja wa mvua na huna fedha za tangi kubwa, usijilazimishe na dogo kwa tumaini la kiangazi. Fedha hiyo itazaa zaidi kwenye choo cha flashi mbili, au kwenye bomba la kupeleka maji ya kuoga kwenye miti.

Kwenye nyumba yenye mgonjwa, mtoto mchanga au mzee, weka kando maji ya mara ya pili kwa muda. Maji mengi na masafi ni sehemu ya uuguzi, na bili ya miezi hiyo ilipwe.

Na kama bado unajenga, una nafasi ambayo sisi wengine hatukuipata. Tenga bomba la maji ya bafu na la choo kabla sakafu haijamwagwa, kila moja na njia yake ya kutokea nje. Mwambie fundi wa paa aache mbao za kushikia gata pande zote mbili, hata kama gata utaweka mwaka kesho. Na mahali tangi litakapokaa, mwaga msingi wa jukwaa siku ileile mnayomwaga wa nyumba, zege likiwa bado linachanganywa na mafundi wakiwa bado wapo.